Dume la Baba Lilivyomaliza Filamu Pana

Sisi tuliokua kabla simu hazijaota macho, kupigwa picha kulikuwa kama kuchinja ng'ombe: lazima pawe na sababu, na kijiji kizima kinajua. Nyumbani kwetu Nyamuswa sababu ilipatikana mara moja tu, Krismasi moja nikiwa darasa la pili, na hiyo ndiyo picha pekee ya mama tuliyo nayo hadi leo. Mimi simo. Jambo hili limeniuma miaka yote, na kwa umri wangu ni aibu hata kulisema.

Wala si kwamba sikujiandaa. Nilioga bila kuambiwa, mama akapata wasiwasi akanishika paji la uso. Nikajipaka mafuta ya mgando hadi nzi wakawa wanateleza. Viatu vilikuwa vya kaka, nimevijaza magazeti mbele. Nyama ya kichuri, ile ya kuchoma yenye uchungu wa nyongo, ilinukia uani nikaikataa nisichafue shati, na wenzangu walipocheza mpira wa matambara mimi nilikaa kwenye kigoda kama mwali.

Mpigapicha aliitwa Masatu, alikuja na basi kutoka Musoma mjini, kamera ameifunga kwenye kitenge. Ilikuwa kamera nzito yenye mgongo wa kubandua, yaani kile kisanduku cha nyuma kinachobeba filamu. Alikuwa na migongo miwili. Mmoja ulikuwa wa picha pana, sentimita sita kwa tisa, picha nane tu filamu imekwisha. Mwingine ulikuwa wa picha za mraba, sita kwa sita. Kila mgongo ulikuwa na kifremu chake cha kupachika kwenye tundu la kuchungulia, ili aone kile tu ambacho filamu itakipata. Alitueleza haya yote, nasi watoto tukatikisa vichwa kwa heshima, huku tunavizia vile vigurudumu vya filamu tukatengenezee magari.

Filamu pana ilikuwa ya familia. Lakini baba alikuwa na dume lake la ng'ombe, Diwani, aliyepewa jina hilo kwa sababu alitembea taratibu na kila mtu akampisha.

"Mwanangu, anza na huyu," baba alimwambia Masatu. "Umpige wote. Pembe zote, mkia wote."

Diwani akageuka, akapigwa tena. Akainama kula, akapigwa tena. Akajisaidia katikati ya pozi, na baba akasema, "Hiyo acha, alikuwaga bado hajajiandaa." Mpaka Diwani anaridhika, filamu pana ilikuwa imekwisha.

Masatu akaubandua mgongo mpana akabandika ule wa mraba. Kifremu cha kwenye tundu akasahau kukibadilisha. Kwa hiyo alipochungulia alituona wote kwa upana uleule, wakati filamu ya nyuma ingechukua katikati tu. Baba alikaa katikati, ndugu wakakaa kila upande wake, shangazi akawa wa mwisho upande mmoja na mama wa mwisho upande wa pili, na mimi nikasimama pembeni kabisa, karibu na mama, nikitafuta jinsi ya kutanguliza viatu.

"Tulia wewe! Unarukarukaga nini?" mama alinikaripia. Kisha akamuuliza Masatu, "Na huyu mdogo anaonekana?"

"Anaonekana mama, mpaka viatu."

Picha ziliposafishwa na kurudi, Diwani alikuwa mzima, unaweza kuhesabu kope. Picha ya familia, upande mmoja ilimpata shangazi nusu, na hakumsamehe Masatu mpaka anazeeka. Upande wa pili iliishia kwa mama. Nililia hadi kwikwi. Baba akanibembeleza kwa kunionyesha picha ya Diwani.

Sasa binti yangu ni wa kizazi kinachompiga picha sato kwenye sahani mpaka anapoa, kisha anazifuta zote kwa sababu samaki hakutoka vizuri. Juzi, hapa Musoma, nilianza tena kumsimulia habari ya Diwani. Akachoka. "Baba, si nikuingize tu?" Akachukua simu, akaipiga ile picha ya familia, akabonyeza hapa na pale, akaniweka pembeni mwa mama.

Aliniweka nilivyo leo, na kipara na tumbo. Mama pale ni mwanamke kijana. Nilionekana kama baba mkwe aliyekuja kufuatilia ng'ombe wa mahari. Tulicheka mpaka majirani wakachungulia.

Halafu nikaona tumbo langu limefunika kitu. "Ebu rudisha ilivyokuwa," nikamwambia.

Akarudisha. Miaka yote nilikuwa naangalia mahali nisipokuwepo, nikimlaumu dume. Sikuwahi kuuangalia mkono wa mama. Wengine wote wamekunja mikono mapajani. Wake mmoja umenyooka hadi ukingo wa picha, na kiganja kimekatwa. Nikakumbuka kola ilivyonikaba shingoni. Alikuwa amenishika nisiruke.

Binti yangu aliniuliza kuna nini. Nikajifanya natafuta miwani iliyokuwa usoni.

Siku hizi nina picha nyingi kwenye simu, na zote nimo, mzima kama Diwani. Mama hayupo tena wa kunishika kola. Ile moja nisiyomo sitaki mtu aniingize. Anayenitafuta aufuate mkono wa mama.