Shuka Bichi

Mjukuu wangu ameanika shuka jeupe uani, na ile harufu ya kitambaa kibichi imenirudisha kwenye uwanja mmoja wa Mji wa Kale, nimekaa mapajani mwa mamangu.

Babangu alikuwa na kitabu cha Kizungu, hadithi ya fundi aliyeunda chombo cha shaba akaruka nacho hadi mwezini. Kila baada ya alasiri alimfasiria mamangu kurasa mbili tatu. Mamangu, mkononi kofia anayoishona, aliuliza swali lile lile: "Na mkewe je, amemwacha na nani?"

Kisha hadithi hiyo ikaja kwa sinema. Wanaume walikaa mbele ya shuka lililotundikwa kupokea picha, sisi wanawake na watoto nyuma yake, na shuka lilirowekwa maji ili picha ipenye hadi upande wetu. Fundi alipoanza safari ya kurudi, shuka lilikuwa limekauka, na kwetu ukabaki ukungu mtupu.

"Mkewe hatutamwona tena," mamangu akaninong'oneza.

Ndipo kivuli cha mtu kikasimama katikati ya picha, na ndoo mkononi. Nilikijua kile kilemba cha babangu. Wanaume wenzake walimkemea aketi. Yeye akachota maji kwa kata, akarusha, akachota tena, taratibu, kama anayenyunyizia asumini, mpaka mlango wa fundi ukatokea, na mkewe amesimama akingoja.

Mamangu hakumtazama mke wa fundi. Alikuwa akikitazama kile kivuli, mpaka kikaketi.