Birika la Bibi wa Wheaton

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu mkubwa akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, basi. Ukikataa umemtukana. Kwa malezi hayohayo nusura nimvunje moyo bibi mmoja wa Kiirani.

Nilikuwa nikimhudumia nyumbani kwa binti yake, Wheaton, huku ughaibuni. Bibi alikuwa na birika kubwa la shaba la kuchemshia chai, alilotoka nalo kwao amelipakata kwenye ndege. Chai alikunywa tangu asubuhi, kwa bilauri ndogo nyembamba, kipande cha sukari amekibana menoni. Wiki ya kwanza nikalisifia lile birika, na mimi kwa kusifia sijambo. Akaweka mkono kifuani, akasema kwa kile Kiingereza chetu cha kuokoteza, "Ni lako. Lichukue."

Nikalichukua! Nililikumbatia kwenye treni, kisha kwenye basi, hadi kwangu Temple Hills, natabasamu peke yangu. Kutoa ni moyo, nikasema, na mama huyu moyo anao.

Kesho yake bibi aliletewa chai ya birika la umeme. Hakuigusa. Siku ya pili vilevile. Aliniuliza hali, akanichekea, lakini chai ilipoa mezani. Siku ya tatu binti yake akanivuta jikoni, uso umemwiva kwa haya. Akanieleza kwamba kwao ukisifu kitu, mwenyewe lazima aseme chukua, nawe lazima ukatae, mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Ni adabu, wanaiita taarofu. Na birika lile lilikuwa la marehemu mama mzazi wa bibi.

"Amenikataza kukwambia," akasema. "Anasema neno likishatoka limetoka."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimembebea bibi wa watu urithi wa mama yake, tena huku nacheka! Na kumrudishia mtu zawadi yake ni tusi, kwetu na kwao. Jioni nikamsimulia mwenzangu ninayeishi naye, Mkongo wa Bukavu, anayeniita Yaya, yaani mkubwa wake. Alicheka hadi akakaa chini.

"Yaya, kweli ulibeba? Basi umupelekee kama kado, zawadi yako wewe. Akikatala, wewe kaza tu!"

Asubuhi nikaliweka birika mbele ya bibi, mkono wangu kifuani. "Bibi, hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyo navyo. Ni chako." Akakataa. Nikakaza. Akakataa tena, lakini macho hayabanduki kwenye birika. Je, akikataa na mara ya tatu, nitafanyaje? Nikasema tena. Bibi akalivuta, akalikumbatia kama mtoto aliyepotea sokoni, akalia na kucheka kwa pamoja. Na mimi nikalia. Chai ya siku ile alikunywa bilauri tano.

Mchana binti yake akapakua wali wa zafarani, ukoko wake wa rangi ya dhahabu umewekwa juu. Bibi akanikaribisha. Njaa ilikuwa inaniuma, lakini sasa nilikuwa mtu aliyefundwa, nikakataa. Akanikaribisha tena. Nikakataa tena, naisubiri ya tatu.

Bibi akagonga meza kwa kijiko.

"Taarofu ni ya wageni," akasema. "Wewe kaa ule."