Mawe Mawili ya Bluu kwa Nyumba Moja

Mume wangu aliniambia habari ya mke wa pili baada ya chakula cha mchana, akiwa bado ananawa mikono. Hakuzunguka. Alisema amekwisha kuzungumza na wazee wa binti kule Nkololo, ng'ombe wamekubaliwa, na kabla ya mfungo atakuwa amemleta nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nammiminia. Maji yalipokwisha niliendelea kulishika vilevile, limeinama.

"Nataka mambo yawe sawa," alisema. "Sitaki kesho useme mwenzako kapewa hiki na wewe hukupewa. Nyote wawili mtavaa pete, na pete zitafanana. Za fedha, zenye jiwe la bluu."

"Kwa nini bluu?"

"Si ndiyo rangi unayoipenda? Uliwahi kuniambia."

Kweli niliwahi kumwambia, mwanzoni mwa ndoa yetu, siku tuliyokuwa tunacheka kwa jambo jingine kabisa. Sikujua kwamba alilihifadhi neno hilo.

"Wewe ni binti wa sonara," aliendelea. "Bariadi nzima hakuna anayejua mawe kukushinda. Tafuta jiwe lisilokwaruzika wala kupasuka, lakini lisituumize. Hali ya duka unaiona."

Hali ya duka niliiona kila siku. Rafu zilikuwa tupu toka juu hadi chini, isipokuwa chumvi ya mawe, viberiti na nyembe. Sukari na sabuni ziliuzwa kwenye duka la ushirika, kwa foleni, na mara nyingi foleni ilikuwa ndefu kuliko sabuni yenyewe. Mume wangu alifungua duka asubuhi na kulifunga jioni kwa sababu baba yake alifanya hivyo. Mimi nilikaa nyuma ya kaunta alipokwenda msikitini. Kutoka hapo niliona mti mmoja wa mwarobaini, banda la fundi baiskeli, na barabara ya vumbi iliyokwenda Lamadi. Barabara hiyo ndiyo niliyojia kutoka Mwanza nilipoolewa. Sikuwa nimeipita tena ila kwenye msiba wa baba.

Ugumu wa mume wangu ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga. Hakunitukana mbele ya watoto. Mabinti wetu watatu aliwapenda, ingawa watu walimkumbusha kila mara kwamba hana mtoto wa kiume. Kama angekuwa mlevi ningepata la kumwambia sheikh. Sasa ningesema nini? Kwamba mume wangu anataka kunifanyia haki?

Alipanga mwenyewe safari ya Mwanza. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyerithi karakana ya baba yetu. "Nenda na mwenzako," mume wangu alisema. "Apimwe kidole, na njiani mzoeane." Akanipa mfuko wa kitambaa wenye sarafu za fedha za zamani, alizoachiwa na mama yake, ziyeyushwe kwa ajili ya pete zote mbili.

Binti aliletwa dukani alfajiri na shangazi yake. Hakuwa mtoto. Alikuwa mrefu, mikono mikubwa ya mtu wa jembe, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa na unga wa chaki. Nilikuwa nimesikia kwamba alifundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa walichohamishiwa, na kwamba wazee walioweza kumzaa waliandika majina yao kwa sababu yake. Alipiga goti mbele yangu.

"Mwangaluka, mayu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Niliitikia salamu, kisha nikamwambia, "Mimi si mayu wako. Niite dada." Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Shangazi yake alitazama pembeni.

Tulipata lori la pamba, tukakaa mbele na dereva. Nilijishughulisha na kuangalia nje, nikihesabu moyoni mambo nitakayomwambia mdogo wangu. Maana nilikuwa na shauri langu, na sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa nimefunga kanga zangu mbili nzuri chini kabisa ya kikapu.

Karakana ilikuwa chumba kimoja cha mbele, cha nyuma walilala. Mdogo wangu alifunga mlango kabla ya kutoa mawe, kwa kuwa siku hizo neno mlanguzi lilimtia hofu kila mwenye kitu kidogo cha kuuza. Alikuwa akiyaweka kwenye kopo la tumbaku, ndani ya kasha la mkaa. Akayamwaga juu ya kitambaa cheupe.

Binti alishika haraka lile lililong'aa kuliko yote, kubwa kama punje ya hindi.

"Liguse kwa mdomo," nilimwambia. "Lina baridi?"

Aligusa. "Kidogo. Sasa limepata joto."

"Basi ni kioo. Jiwe la kweli hukaa na ubaridi wake muda mrefu. Hicho baada ya mwaka mmoja wa kusugua masufuria kitakuwa na ukungu wa mikwaruzo."

Alilirudisha. Akachukua feruzi, nikamwambia feruzi hunywa mafuta ya kupikia na kugeuka kijani. Kisha akaona kipande kidogo kilichokuwa bluu ukikishika hivi, zambarau ukikigeuza. Alikigeuza tena na tena. Nilimwelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kukiangalia.

"Tanzanaiti," mdogo wangu alisema. "Ya Mererani. Nzuri sana, lakini haipendi kugongwa. Ukiitoa kwenye joto ukaitia maji baridi, inaweza kupasuka."

"Mimi nalima, natwanga, nakamua ng'ombe," binti alisema, akikiweka chini taratibu. "Nipeni linalovumilia."

"Ng'ombe gani?" niliuliza. "Pale kwetu hakuna ng'ombe. Kuna kaunta na uani."

Aliniangalia kana kwamba hakuna mtu aliyekuwa amemwambia hilo. Akaomba maji ya kunywa, na wifi yangu akampeleka uani.

Mdogo wangu alikuwa amebakiza mawe ya mwisho, yaliyofungwa karatasi. Yalikuwa yakuti ya bluu, kutoka Umba kule Tanga. Moja lilikuwa safi, unaona mpaka chini. Mengine yalikuwa na rangi ya anga la mvua, yana ukungu ndani, na kwa sababu hiyo bei yake ilikuwa ya watu kama sisi. Alichukua tupa, akaipitisha juu ya mojawapo kwa nguvu. Tupa iliteleza. Jiwe halikuwa na alama.

"Haya hata wajukuu watayakuta," alisema. Kisha akashusha sauti. "Dada, chukua hili safi uvae wewe. Nitakufanyia bei ya ndugu. Yeye mpe la ukungu. Kwenye pete shemeji hataona tofauti."

"Nitaiona mimi."

"Ndiyo maana yake."

Nilifikiri. Sitasema nilikuwa na huruma. Niliona tu nitakavyoishi: kila tukinawa mikono pamoja nitaangalia kidole chake, kisha changu, na furaha yangu yote nyumbani mle itakuwa hiyo. Nikachagua mawili ya ukungu, yaliyokaribiana rangi na ukubwa. Nikamwambia ayafunike ubavuni kwa fedha, yasikae juu juu, ili kona zisigonge.

Ndipo nikasema lililonileta.

"Usiniache nirudi. Nitalala hapa karakanani. Najua kusafisha fedha, najua kushika tupa, baba alinifundisha kabla yako."

Aliacha kufunga karatasi. "Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekunyima chakula?"

"Hapana."

"Amekufukuza?"

"Hajanifukuza."

"Sasa nitamwambia nini mtu huyu? Alitulipia mahari yote. Baba alipofariki alileta gunia la mchele wakati mchele hauonekani." Aliangalia kile chumba, ambamo godoro la watoto lilikuwa limesimamishwa ukutani. "Na wale watoto wako? Unafikiri atakupa?"

Nilikuwa nimelikwepa swali hilo tangu Bariadi. Mabinti niliwaacha kwa jirani, yule mdogo akiwa na mafua, nikiwa nimewaambia nitarudi. Na nilijua kwamba hata angenikubalia, ningekaa Mwanza labda wiki moja, kisha ningetafuta lori.

Nilipogeuka, binti alikuwa amesimama penye mlango wa uani na kikombe mkononi. Sijui alisikia kuanzia wapi.

Tulilala pale mpaka pete zikaisha. Wakati wa kurudi, lori lilisimama Mkula kupakia mizigo, tukashuka kukaa kivulini mwa gurudumu. Binti alikuwa akichora udongo kwa kijiti. Niliona ni herufi, anaandika na kufuta.

"Mimi pia nilimwambia baba yangu hivyohivyo," alisema. "Nilimwambia asiniache niende."

"Akasemaje?"

"Akasema ng'ombe wamekwisha kuingia zizini. Tulipohamishwa wetu walikufa wengi, majani hayakutosha pale kijijini. Aliona Mungu amemrudishia." Akafuta udongo kwa kiganja. "Sikumlaumu. Lakini nilimwuliza."

Nilitaka kumchukia siku hiyo na sikupata pa kuanzia. Nilimpa nusu ya kiazi nilichokuwa nacho. Tukala.

Ndoa ilifungwa. Binti alisilimu, akapewa vyumba vya upande wa pili wa uani, na mume wetu akagawa siku kama alivyogawa fedha ya mama yake, bila kupendelea. Watu walimsifu. Walikuja wanawake kuangalia pete zetu, wakitushikisha mikono pamoja ili walinganishe, na kila mmoja alisema mume huyu ana imani. Nami nilisimama pale nimenyoosha mkono, natabasamu, mpaka shavu likauma.

Usiku wa zamu yake sikulia. Nilikunja nguo za watoto, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Kilichonishinda ni mchana. Tulikuwa wanawake wawili ndani ya uani mmoja, hakuna shamba, bidhaa hakuna, mteja mmoja mmoja. Yeye alizoea kutembea kutoka nyumba hadi nyumba akiwa na ubao mdogo kichwani. Sasa alizunguka kati ya jiko na kamba ya nguo, na kila sauti ya barabarani alisimama kuisikiliza. Alijifungua mtoto wa kiume. Shangwe ilikuwa kubwa. Baada ya arobaini nilimkuta amekaa nyuma ya choo, mtoto yuko mapajani, anatazama ukuta.

"Una nini?"

"Sina kitu, dada. Nilikuwa najaribu kukumbuka majina ya wanafunzi wangu wote. Mengine yananipotea."

Wakati huo kisomo kilikuwa kimeanzishwa pia kwenye jengo la chama, si mbali na dukani, na walitafuta mwalimu wa akina mama. Nilimwambia mume wangu amruhusu. Alikataa: nani atabaki na mtoto, na mke wa mwenye duka atembee na ubao?

"Mimi nitabaki na mtoto," nilisema. "Ulisema unataka usawa. Mimi natoka kukaa dukani. Yeye hatoki popote."

Alilipima jambo siku kadhaa, kama kawaida yake. Kisha akaruhusu, mara mbili kwa wiki, alasiri.

Siku ya kwanza alivaa gauni lake la zamani, akajifunga mtandio, akapita dukani kuniaga. Alitembea haraka mno, akajishtukia, akapunguza. Nilimfuata kwa macho hadi alipokata kona ya banda la baiskeli. Mtoto wake alikuwa mgongoni kwangu. Binti yangu mdogo alinivuta kanga akidai uji, na yule wa katikati alikuwa amemwaga viberiti sakafuni. Mteja mmoja aliingia akaomba chumvi.

Nilikuwa nimefanya jambo jema, na nilijua. Lakini nakumbuka vizuri kwamba nilimwonea wivu saa ile kuliko usiku wowote wa zamu yake. Nilimpimia yule mteja chumvi, mtoto akaanza kulia, nikawa naruka naruka nyuma ya kaunta kumtuliza. Kulikuwa bado mapema. Darasa lilikuwa ndiyo kwanza linaanza.