Kosa Langu Liko Nyuma ya Nenosiri

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha walimu hapa Eldoret nilikabidhiwa kompyuta moja yenye vumbi na flashi mbili. Nilikuwa nimefundisha kemia katika shule ya Ziwa, kisha ya Burnt Forest, na nilifika nimebana daftari la notes zangu kwapani kama mtu anayeogopa wezi. Mkuu wa kituo, mzee asiyependa maneno mengi, alinitazama akacheka.

"Madam, hapa hatuna notes za mtu. Andika, weka jina lako, alafu achilia watu watumie."

Kazi yetu ilikuwa kuandaa masomo na kuyapakia mtandaoni yakiwa na leseni huria, yaani ruhusa ya maandishi kwamba mwalimu yeyote anaweza kunakili, kurekebisha na kumpitishia mwenzake. Sharti lilikuwa moja. Kwenye ukurasa wa mwisho, ambao tuliuita ukurasa wa mikono, kila aliyebadilisha kitu aliandika jina lake, shule yake na alichobadilisha. Niliupenda ukurasa ule kuliko cheti changu cha chuo.

Na uliniokoa. Katika somo la kuzimua asidi niliandika, kwa haraka zangu, kwamba mwanafunzi amimine maji ndani ya asidi kali. Ni kinyume. Asidi ndiyo humiminwa ndani ya maji, polepole, la sivyo inachemka na kuruka usoni. Mwalimu mmoja wa shule ya Ziwa aliliona kosa kabla mtoto hajaumia, akalisahihisha, akaandika jina lake kwenye ukurasa wa mikono, kisha akanipigia simu.

"Madam, ulitaka kutuchomea watoto?"

Niliona haya, nikamshukuru, na siku hiyo nikaielewa kazi yangu.

Mzee alipostaafu tuliletewa mkuu mwingine, bwana wa suti na mikutano. Akaipa kampuni moja ya programu za simu masomo yetu yote, tena nakala za zamani, zile za kabla ya masahihisho. Kampuni ikang'oa kurasa za mikono, ikabandika nembo yake na kufunga kila kitu kwa nenosiri. Kusoma unaweza, kubadilisha hata nukta huwezi. Nilipofungua somo langu la asidi, kosa lilikuwa pale pale, limepambwa kwa rangi.

Nilimwendea ofisini kwake nikamwonyesha.

"Lakini Madam, content lazima iwe protected," akasema. "Tutarekebisha kwa edition ijayo."

"Na macho ya watoto yatangoja edition?"

Akaangalia saa yake, akaniambia ana mkutano.

Sasa nimestaafu. Kila muhula nawapigia walimu ninaowafahamu, mpaka wa shule za Chepsaita, nikiwasihi watumie nakala yetu iliyosahihishwa. Wengine wananisikia. Wengine wanasema, "Mama, tumeambiwa tutumie app ya kampuni tu." Kampuni nayo nimeiandikia hadi nimechoka, na jibu lao la mwisho lilikuwa kwamba sina ruhusa ya kuhariri kazi hii. Kazi niliyoiandika mimi! Watu huniambia nipumzike, nimefanya yangu. Sipumziki, na hasira hii sitaki mtu aitulize. Jina langu wamelifuta, sawa, walifute. Lakini asubuhi ya leo nimelifungua tena somo lile, na bado linamwambia mtoto wa mtu amimine maji ndani ya asidi.