Bawaba ya Banda la Mbuzi na Msalaba wa Babu

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, hata nikisinzia kwenye kipindi cha hesabu inanijia. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka juu Uluguru ukajilaza kwenye matuta ya karoti ya bibi, mji wa Morogoro huko chini umepotea wote, na mimi nimekaa kizingitini na msalaba wenye kutu mapajani. Usinicheke kukuita mwanangu. Wewe uko kidato cha kwanza, mimi cha nne, na kidevu changu kina ushahidi ukiangalia kwa makini. Tena umeniambia mwenyewe kwamba unataka kuvalisha shaba baiskeli ya baba yako, na baba yako hajui. Basi kaa, mzee nikusimulie.

Kijijini kwa bibi, jumuiya husali nyumba kwa nyumba, na msalaba wao huhama pamoja na sala. Ukifika kwako unakaa wiki nzima, Jumapili unamkabidhi jirani. Ule msalaba aliuchomelea babu kwa nondo, enzi za uhai wake. Urefu wake ni kama mkono wa mtu mzima, na kwenye maungio unaona kabisa pale alipotetereka. Babu hayupo tena, na msalaba ndicho kitu pekee cha mikono yake kinachotembea kijijini. Mvua za mlimani zilikuwa zimeutafuna. Wiki ile ulikuwa kwetu, na bibi, bila kuniuliza, alikuwa amesimama mbele ya watu akasema mjukuu wake anasoma sayansi, atauvalisha shaba. Jirani wa kupokea alikuwa Mama Fides, ambaye akiona doa kwenye sufuria yako, mtaa mzima unalijua kabla ya chakula kuiva.

Rafiki yangu Shabani alipanda kutoka Mafiga, huko mjini, kuja kunisaidia, simu yake imejaa video.

"Mwana, hii ya kuzamisha ndiyo fasta," akasema. "Unayeyusha mrututu kwenye maji, unatumbukiza chuma, unakitoa shaba. Hata umeme hauhitaji."

Mrututu tulikuwa nao, yale mawe ya buluu ambayo bibi huyayeyusha na kuyapulizia nyanya zikishikwa na ukungu. Nikaanza kutafuta ndoo. Bibi akatokea mlangoni na jembe begani.

"Mume wangu," akaniita, maana bibi hajawahi kuniita jina langu, "dawa mpya ya nyanya huwa naanza kuipulizia wapi?"

"Tuta la pembeni, bibi."

"Kwa nini?"

"Likiungua, tunakula yaliyobaki."

"Haya. Babu yako siyo tuta la pembeni. Kang'oe bawaba ya banda la mbuzi."

Tukaing'oa. Mwanangu, laiti ungeona. Maji yalikuwa ya buluu kama anga iliyolala ndani ya ndoo, na ile bawaba ya chuma, mara tu ilipozama, ikaanza kuona haya. Wekundu ukaipanda taratibu, kama shavu la mtu aliyeitwa na ampendaye. Sikusikia kuku, sikusikia mto. Shabani akanong'ona, "Oya, sisi ni matajiri," na kwa muda mfupi niliamini.

Tukaifunga mlangoni kwa mbuzi. Bibi ana mbuzi mmoja mweupe mno, nilimpa jina la Sista, na bibi hajanisamehe. Sista ana tabia ya kujikuna shingo kwenye mlango ule, palepale penye bawaba. Akajikuna, akafumba macho kwa raha. Alipogeuka, shingo yake ilikuwa ya kahawia kama amemwagiwa chai, na bawaba imerudi kijivu vilevile.

"Shaba imehamia kwa mbuzi," Shabani akasema.

"Mwosheni!" bibi akapiga kelele. "Akijilamba hiyo dawa nitawachinja nyinyi!"

Tukamwosha Sista kwa sabuni huku anatupiga mateke, na mimi nikawaza: ingekuwa Jumapili, na hiyo shingo ingekuwa kitambaa cheupe anachojifunga Mama Fides kichwani.

Kumbe chuma kikikutana na mrututu hivihivi, shaba hukimbilia juu haraka, inakaa kama vumbi, haishiki. Zikabaki njia mbili, zote za umeme. Ya kwanza ni kuzamisha kitu kwenye dawa huku betri inasukuma shaba polepole. Hiyo ni nzuri kwa kitu kidogo kinachoenea kwenye bakuli. Kwa msalaba tungehitaji beseni la kuogea mtoto na dawa ya kulijaza. Ya pili ni ya kupaka. Unazungushia pamba kwenye waya wa shaba uliofungwa upande chanya wa betri, kitu chako kinashika upande hasi, unachovya pamba kwenye dawa na kupitisha taratibu. Shabani akalalamika kwamba hiyo ni kazi ya kubembeleza. Bibi akasema, "Basi bembelezeni."

Safari hii tuliacha mrututu. Tulitia vipande vya waya wa shaba kwenye siki, tukaviunganisha na betri za tochi mpaka siki ikageuka rangi ya jani changa. Bawaba ya pili tukaisugua msasa, tukaiosha kwa sabuni, hatukuigusa tena kwa vidole vitupu. Kisha pamba, huku na huku. Rangi ilikuja kama asubuhi inavyokuja kijijini: huioni ikifika, unashtukia tu ipo. Tukamfungia Sista bawaba yake. Akajikuna kutwa nzima, jioni shingo yake ilikuwa nyeupe kama ya harusi.

Ndipo bibi akanikabidhi msalaba. Niliusugua msasa mpaka kutu ikaisha, nikaupaka kuanzia ukungu wa asubuhi hadi jua la mchana. Pale babu alipotetereka nilipitisha pamba polepole zaidi, nikahisi kama tunashikana mikono.

Jumapili Mama Fides alipokea. Bila aibu akavua kitambaa chake cheupe, akausugua msalaba mbele ya watu wote, akakitazama kitambaa. Akakigeuza upande wa pili. Akakirudisha kichwani.

"Mzee amependeza," akasema, na bibi akajifanya anakohoa.

Sasa sikia, mwanangu. Usichague njia kwa sababu ina haraka na inang'aa kwenye simu. Tazama kitu chako kwanza: kidogo kizamishe kwa umeme, kikubwa kipake. Ya kuzamisha bila umeme waachie wanaotaka kupiga picha tu. Vaa glavu, fanyia kazi nje, dawa usiitie kwenye chombo cha kulia wala usiimwage mtoni. Na usianze na kitu ambacho hakina mwenzake duniani. Baiskeli ya baba yako iache, anza na msumari.

Nenda salama. Mungu akupe mkono mtulivu, betri zenye moyo, na kila utakachokishika kwa upendo kisibanduke. Akupe pia mbuzi mmoja mkweli, wa kukuonyesha mapema, kabla ya Jumapili.