Mbio Zilizopitia kwa Mama Mkwe

Wakoli alikuwa anabeba abiria kwa baiskeli pale Matisi, na hakuna mlima uliowahi kumshusha kwenye tandiko. Lakini kikombe? Hata kimoja! Miaka yote ya mashindano alikuwa wa pili, wa nne, au ametumbukia mtaroni. "Makokha," aliniambia Agosti ya 2006, "mwaka huu nikikosa, baiskeli ya resi nauza. Nataka kikombe kimoja tu, bana, watoto wakishike." Nilimwonea huruma, maana alisema bila kucheka, na Wakoli ni mtu wa kucheka.

Timu ilikuwa sisi wawili na Jaswinder, ambaye baba yake ana duka la spea za baiskeli Kitale. Mbio zilikuwa za siku tatu, na saa ya timu ilisimamishwa mtu wa tatu akivuka mstari. Kwa hiyo mmoja akichelewa, wote mmechelewa. Siku ya kwanza tulienda Suam na kurudi, vumbi mpaka kwenye meno, tukawa wa kwanza. Wakoli aliimba njia nzima ya kurudi Matisi.

Siku ya pili ilikuwa Ndalu na kurudi. Tulifika sokoni tukiwa mbele, Wakoli akitukatia upepo, mimi na Jaswinder nyuma yake. Ghafla huyo! Akakata kushoto, akaingia shamba la mahindi na baiskeli yake.

"Ala! Ameanguka?" Jaswinder akapiga kelele.

Wapi! Kando ya barabara alisimama Mama Sellah, mama yake Dinah, mke wa Wakoli. Alikuja kutazama baiskeli kama watu wengine, hakujua mkwe wake yumo. Na kwetu Wabukusu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Akimwona njiani, anampisha. Mama naye alikuwa amejifunika leso usoni kwa aibu. Timu nyingine zikatupita huku zikicheka. Mama alipoondoka, Wakoli akatoka na majani ya mahindi kichwani.

Jioni nilimfokea. "Si ungefumba macho tu?"

"Kwa hiyo barabara ya mashimo?"

"Haya, kesho tunapita hapo hapo tukienda Bungoma. Utaingia mahindi tena?"

"Akiwepo, nitaingia. Heshima si utumwa, Makokha." Akainama kupaka cheni mafuta, na niliona machozi yanamlengalenga. Nikachukua kitambaa, nikaanza kumfutia rimu.

Siku ya tatu, tukikaribia Ndalu, Wakoli alishaanza kushika breki. Soko lilikuwa limejaa, lakini hakuna mwanamke hata mmoja aliyetutazama. Akina mama wote walikuwa wamegeukia maduka, migongo kwa barabara! Katikati yao Mama Sellah, leso kichwani, pua karibu iguse ukuta wa posho mill ya kusaga mahindi, akipiga vigelegele kwa nguvu zake zote.

"Wewe ukuta!" alipaaza sauti. "Mwambie huyo mtu apige pedali! Hapa hakuna anayemwona!"

Haki ya Mungu, nilicheka mpaka usukani ukatetemeka. Wakoli aliinamisha kichwa, akapita. Halafu akakanyaga! Kutoka hapo hadi Bungoma mimi na Jaswinder tulikuwa tunaomba tu tusiachwe. Tulizipita zile timu moja moja, na ya mwisho tuliikuta mjini kabisa, mstari ukionekana. Tulivuka watatu bega kwa bega, nikipiga mayowe kama mwehu.

Saa za siku zote tatu zilipojumlishwa, tukawa wa kwanza. Kikombe kilikuwa cha timu, lakini nani angemnyima Wakoli? Watoto wake walikishika Jumapili nzima. Jumatatu alikifunga vizuri kwa shuka, akampa Dinah akipeleke Ndalu. Kiko huko mpaka leo, juu ya kabati la Mama Sellah, katika nyumba ambayo Wakoli hawezi kutia mguu. Muulize kama anajuta, uone vile atakucheka.