Siku Wakwe Walipolilia Tulipu

Aibu hii nimeificha tangu Januari, na naisimulia leo kwa sababu tu Mama Njeri ameshaisimulia kanisani, tena akiigiza sauti yangu, basi heri mnisikie mwenyewe.

Mama Njeri ni nesi, nami napanga chumba kwake hapa Northfield, Uingereza. Mwezi wa kumi alinipa mfuko wa vitunguu vya maua ya tulipu, akaniomba nivipande mbele ya nyumba kabla ardhi haijaganda, ili binti yake Njeri atakapoposwa rasmi mwezi wa nne wageni wapokewe na maua. Nikasema sawa, mama. Lakini nilikuwa katikati ya riwaya yangu, shujaa wangu alikuwa mahututi, na mtu hawezi kumwacha shujaa akikata roho eti aende kuchimba mashimo, kwa hiyo aliponipigia simu kutoka kazini kuuliza, nikajibu, "Nimeshapanda, mama."

Januari tukapata habari kwamba wazazi wa mchumba, waliokuja kutoka Bungoma kumtembelea mwana wao, wangefika Jumamosi saa kumi jioni kuiona nyumba. Asubuhi hiyo, nikifagia chini ya ngazi, nikakutana na ule mfuko. Vitunguu vilikuwa vimeota ndimi za kijani, vinanitazama kama mashahidi.

Nikakimbia nje. Ardhi ilikuwa jiwe. Koleo lilidunda likanirudia. Ndipo nikamkumbuka nyanya yangu, ambaye hakupanda viazi vitamu ila kwenye tuta, nikamwaga magunia manne ya udongo wa dukani, nikavifukia vitunguu vyote ndani ya tuta moja refu (nafasi ilikuwa nyembamba), nikalilainisha, nikalizungushia mawe meupe, nikasimamisha kibao upande mmoja. Nilikuwa nalitazama kwa fahari gari liliposimama. Wageni, saa nzima kabla ya wakati! (Wakenya! Nani angetegemea?)

Mzee Wafula akashuka, akaliona tuta, akavua kofia.

"Kumbe hata huku watu huzika nyumbani," akamnong'oneza mkewe, Mama Nekesa. Kisha akanigeukia mimi niliyejaa matope, machozi ya baridi yakinitoka. "Pole sana, binti yangu. Ni nani?"

Ningesema tulipu, yangekwisha. Lakini uongo wangu wa mwezi wa kumi ungefichuka, basi nikainamisha kichwa. "Ilikuwa ghafla, Mzee."

"Uuuwi!" Mama Nekesa akaniangukia begani. Mzee akaanza kuomba, akamshukuru Mungu kwa maisha ya mtumishi wake huyu mpole, mcha Mungu, mkarimu; jirani Mwingereza akatoka na taulo kichwani, akasimama kwa heshima, mikono mbele.

Na hapo Mama Njeri akashuka kwenye basi, bado na sare ya kazi. Akawaona wakwe wanalia. Akaliona tuta. Njeri alikuwa njiani, akiendesha gari peke yake kutoka London.

"Njeri!" Mkoba ukaanguka. "Ni Njeri wangu?"

Sijawahi kusikia sauti kama ile. "Ni tulipu, mama!" nikapiga kelele. "Ni tulipu tu!"

Mama Nekesa akainua kichwa kutoka begani pangu. "Tulipu ni mtoto wa nani?"

Nikaungama yote palepale.

"Wewe mwandishi," Mama Njeri akasema, "hadithi zako ziache vitabuni!"

Mzee Wafula alilitazama tuta, akarudisha kofia kichwani, nami nikajua posa imekufa na mimi ndiye muuaji. "Mama Njeri," akasema, "nimemwombea huyu marehemu dakika kumi. Nimesema alikuwa mkarimu." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, mkewe akafuata, na Mama Njeri akacheka mwisho, huku bado analia.

Nikaamriwa kulisawazisha tuta peke yangu. Walikula chapati ndani, na Njeri alipofika salama wakamsimulia, kisha dirisha likafunguliwa na Mama Nekesa akaniuliza, "Marehemu anaendeleaje?"

Posa ilifanyika. Mimi nimejiapiza: nikiulizwa kazi ambayo sijaigusa, nitajibu "bado, mama," nigombezwe siku hiyohiyo yaishe. Watu wote wamecheka, nami nimecheka nao, lakini nilimsikia mama akimlilia mwanawe aliye hai, na hilo sitaki kulisababisha tena.